Tulipomtembeza Mama Mjini Moshi

"Nipelekeni mjini nikatembee," mama mkwe wangu alisema, kama mtu anayeomba kikombe cha chai.

Mimi na wifi yangu tulitazamana. Asubuhi ile, siku moja ya Oktoba 2023, tulikuwa tumetoka hospitali ya rufaa ya KCMC, mjini Moshi. Daktari alikuwa ametazama picha akasema nyonga imeunga vizuri. Kisha tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, ambaye alimwambia mama neno moja na kulirudia mara tatu: atembee. Asishinde kitini akisubiri kuletewa uji. Atembee kila siku, leo hatua hizi, kesho aongeze kidogo, mpaka misuli ya paja irudie nguvu yake.

Nilitaka kumwuliza, atembee wapi? Lakini niliona haya. Hilo halikuwa swali la hospitali.

Mama mwenzangu, ili ulielewe swali langu inabidi nikurudishe nyuma hadi mwezi Machi wa mwaka ule. Sisi tunakaa katika mji mdogo ambao sitautaja, maana huenda nawe unakaa katika mji wa namna hiyo hiyo na utadhani ninausema wa kwako. Jumamosi moja jioni mama alikuwa anatoka sokoni na kikapu chake cha samaki. Alikuwa akipita kando ya barabara juu ya mifuniko ya mtaro, kwa kuwa njia nyingine ya miguu hakuna. Bodaboda ikaja mbele yake, nayo ikipita juu ya mifuniko hiyo hiyo ili kukwepa magari. Mama akasogea kuipisha. Mguu ukaingia mahali ambapo mfuniko ulikuwa umeondoka tangu Krismasi. Sote tulijua kwamba haupo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliruka tundu lile mara nyingi, mtoto mgongoni, nikajiona hodari.

Samaki walikwenda na maji ya mtaro. Mama alivunjika nyonga akiwa na miaka 71, mwanamke ambaye msimu uliopita alikuwa amepalilia shamba lake la mahindi kwa mkono wake mwenyewe. Alifanyiwa upasuaji. Akajifunza upya kukaa, kusimama, na mwisho kujikokota kwa kile chuma cha miguu minne ambacho mgonjwa hukitanguliza mbele kisha akakifuata. Uani kwetu kuna hatua kumi na nane kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mwembe, na kwa miezi mingi dunia yote ya mama ilikuwa hatua hizo. Hakwenda ibadani wala msibani, wala hakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa mtaa wa pili. Majirani walikuja kumjulia hali, mwanzoni wengi, baadaye mmoja mmoja. Akaanza kugawa kanga zake, na kuzungumza maneno ya mtu anayeaga. Hilo lilinitisha kuliko ule mfupa.

Kwa hiyo aliposema apelekwe mjini akatembee, sikujua nicheke au nilie.

"Mama, mjini kuna watu wengi," wifi alijaribu kumzuia.

"Ndiyo sababu nataka kwenda," mama akajibu. "Miti ya uani nimeshaiona."

Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na amekaa Moshi, mtaa wa Soweto, kwa miaka mingi. Aliita bajaji, tukapanda wanne: yeye, mama, mimi, na binti yangu wa miaka sita. Chuma cha mama tulikifunga nyuma kwa mpira. Tukashuka kwenye Mnara wa Saa.

Kama hujafika Moshi, mnara huo uko katikati ya mzunguko wa barabara, na ndipo mji unapoanzia kwa mtu anayetoka upande wa mlimani. Mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 5,895, siku ile ulikuwa umejifunika mawingu kama bibi harusi wa zamani. Mji umekaa juu ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na jambo hilo utalihisi miguuni: ukitoka mnarani kwenda sokoni na stendi, unashuka kidogo kidogo bila kujua, na ukirudi unapanda. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, kahawa ikaujenga mji, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kina jengo lake karibu na mnara huo. Ni mji wa wastani tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 184,292 katika manispaa. Lakini jina lake limevuma kwa usafi, na mara kadhaa umeshinda mashindano ya usafi ya taifa. Ukitupa ganda la ndizi barabarani, wenyeji watakutazama kabla hata askari hajakuandikia faini.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji sana. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 1981 kipo hapo chuo kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya viungo, TATCOT, ambacho wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Kwa sababu ya hospitali na chuo hicho, huja Moshi watu wengi wenye magongo, miguu bandia na viti vya magurudumu. Mama aliwaona wawili kabla hatujavuka barabara. Akanyoosha mgongo.

"Kumbe siko peke yangu," akasema.

Tukaanza safari yetu. Kutoka mnarani hadi soko kuu ni kama kilomita moja, au pungufu kidogo, umbali ambao mimi huwa naumaliza nikiwa bado nafikiria nitanunua nini. Siku ile ilituchukua saa mbili kasorobo.

Binti yangu alijipa kazi ya kutangulia. "Bibi, ngazi!" "Bibi, jiwe!" "Bibi, pikipiki!" Mwanzoni nilimkemea apunguze kelele, kisha nikanyamaza, maana mtoto alikuwa akiona vitu ambavyo mimi sivioni. Mguu mzima hauna macho. Unaruka, unakanyaga, unapita, na kichwa hakipati habari. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa na ujauzito wa mwisho, mwezi wa nane, sioni hata vidole vyangu vya miguu, nikipapasa ukingo wa barabara kama kipofu. Nilipojifungua nikasahau siku ile ile.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni upana. Mahali fulani njia ya miguu ilikuwa pana na imepangwa vile vitofali vya saruji vinavyoshikana, mama akaenda vizuri, mimi ubavuni mwake, wifi upande wa pili. Mbele kidogo nguzo ya umeme ilikuwa imesimama katikati, na baada yake pikipiki tatu zimeegeshwa. Chuma kikakwama. Hapo mimi niliyezoea kupita kiubavuubavu nikaona kwamba njia haipimwi pale ilipo pana. Inapimwa pale ilipo nyembamba kuliko kote.

Wifi akacheka, akavua kanga aliyokuwa amejifunga juu ya gauni. "Mwalimu hatembei bila rula," akasema. Akaitandaza pale penye pikipiki. Nami nakuachia kipimo hiki kwa sababu kila mama anacho nyumbani. Kanga moja ina upana wa mita moja na kidogo, na urefu wa mita moja na nusu hivi. Mahali ambapo upana wa kanga unaenea bila kugusa kitu, kiti cha magurudumu kitapita, kwa sababu kinahitaji sentimita 90. Mahali ambapo urefu wake unaenea, mtu wa kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto wanaweza kupishana bila mmoja kushuka barabarani. Viti viwili vya magurudumu vikitaka kupishana, vinahitaji mita 1.8, yaani kanga na shubiri moja na nusu. Pale penye pikipiki kanga haikuenea hata kwa upana. Vijana wenye pikipiki walikuwa wakitutazama. Mmoja akauliza, "Mnapima nini, mama?" Wifi akamweleza. Bila ubishi wakazivuta pikipiki zao hadi ukutani, na mmoja wao akamshika mama mkono hadi mbele ya nguzo.

Jambo la pili ni vibaraza. Maduka ya zamani ya Moshi, kama yale ya miji yetu mingi, yana vibaraza vyenye paa mbele yake. Ni neema kubwa wakati wa mvua na wakati wa jua, na aliyebuni mtindo huo alijua hali ya hewa yetu. Tatizo ni kwamba kila mwenye duka alijenga sakafu yake kwa kimo anachotaka. Unapanda ngazi moja, unatembea hatua sita, unashuka mbili, unapanda tena moja. Kwa mtu mzima ni mchezo. Kwa mama kila ngazi ilikuwa kazi ya kuvuta pumzi: chuma kwanza, mguu mzima ufuate wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, chuma kwanza, halafu mguu mgonjwa. "Mzuri hupanda kwanza, mbaya hushuka kwanza," alifundishwa hospitalini, naye alikuwa akilisema kwa sauti kila ngazi, hadi wauza duka wakawa wanatoka kutazama.

Duka moja lilikuwa limejenga mteremko wa saruji badala ya ngazi. Tukafurahi. Lakini mteremko wenyewe ulikuwa mkali kama paa la nyumba, na mama alipouona akakataa katakata. Alikuwa na haki. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa karibu mita 1.8. Ule ulikuwa na urefu wa hatua yangu moja. Nadhani mwenye duka alikuwa na nia njema, akampata fundi mwenye haraka.

Tulipokaribia soko, njia ikabanwa na biashara. Mabeseni ya maparachichi, mafungu ya nyanya, viatu vya mitumba vimepangwa kwa jozi. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wanaosema wafukuzwe. Mwaka 2018, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, dada yangu wa tumbo moja alikuwa wa kwanza mtaani kwao kununua chake, na kwa kazi hiyo ya kando ya barabara alisomesha watoto wawili. Mwishoni mwa mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa katika njia za miguu na kupangiwa maeneo mengine katika miji mingi ya nchi yetu, alilia wiki nzima. Nilimpa pole. Baada ya mama kuanguka ndipo nilipoanza kuona kwamba njia iliyozibwa humsukuma mtu barabarani, na barabarani kuna magari. Vyote viwili ni kweli, na sijui mtu anayeweza kuvipatanisha kwa kauli moja.

Lakini niliona kitu. Mama mmoja muuza ndizi mbivu, mtu wa makamo, alikuwa amekaa na beseni lake pembezoni mwa njia. Alipotuona kwa mbali alisimama, akalivuta beseni lake hadi ukutani, akamwambia jirani yake wa maparachichi avute la kwake, naye akamwambia wa nyanya. Njia ikafunguka mbele ya mama kama pazia. Hakuna aliyeamriwa.

"Shikamoo mama," yule wa ndizi akasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuharibia biashara."

"Aa, mama. Hata sisi tutazeeka."

Mama akasimama pale, akanunua kichana kizima cha ndizi, akabishana bei kwa dakika kumi. Sikuwa nimemsikia akibishana bei tangu Machi. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Tulipumzika juu ya ukuta mfupi chini ya mti wa jakaranda. Oktoba ni mwezi wa maua yake, na vitofali vyote chini vilikuwa vya zambarau. Mti ni mzuri, na kivuli chake ni lazima kwa mzee anayetembea. Lakini mzizi wake ulikuwa umeinua vitofali kama mtu anayejinyoosha chini ya shuka. Fundi mmoja alikuwa amepiga magoti pale akivirekebisha, na kando yake mama mfagiaji ameegemea toroli lake. Katika mji huu wafagiaji, wengi wao akina mama, huanza kazi kabla jua halijachomoza. Tukasalimiana, tukawapa ndizi, na maongezi yakaanza.

Nilimwuliza fundi kwa nini njia za miguu huharibika upesi wakati magari hayapiti juu yake. Akasema kwanza, magari hupita: yanapanda kuegesha, na gurudumu moja la lori linatosha kuvunja kilichojengwa kwa ajili ya miguu. Lakini adui mkubwa ni maji. Chini ya vitofali kuna tandiko la mchanga. Mtaro ukiziba, maji huacha njia yake na kupita chini ya vitofali, yanakomba mchanga polepole, na juu huoni kitu. Siku moja kitofali kimoja kinabonyea. Kikitoka, vinne vya jirani vinakosa wa kuvishika, navyo hulegea. "Kimoja kikitoka leo na ukirudishe leo, ni kazi ya nusu saa," alisema. "Ukingoja mwaka, unajenga upya."

Mama mfagiaji akaingilia kati. Akasema watu wanamwona na fagio wanadhani kazi yake ni urembo wa mji. Kumbe mfuko mmoja wa taka anaouzuia usiingie mtaroni ndio unaookoa vitofali vya fundi huyu. Mbaya zaidi, alisema, ni wale wanaofagia mbele ya duka lao vizuri sana, kisha wakaisukumia taka yote ndani ya tundu la mtaro. Nikatazama pembeni. Mimi hufanya hivyo nyumbani kwangu.

Nikamwuliza pia juu ya mifuniko. Fundi akasema ile ya chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo siku hizi wanapendelea ya zege. Lakini ya zege nayo ina siri yake: isipowekewa matundu au vishikio vya kuinulia, siku mtaro ukiziba mtu atakuja na mtaimbo na kuivunja ili asafishe, na tundu litabaki wazi. Alisema hivyo kwa kupita tu, akarudi kwenye mchanga wake. Mimi moyo ulinipiga. Miezi saba nilikuwa nikimlaumu mwizi asiyejulikana. Nilikumbuka kwamba kabla ya Krismasi ile mtaro wetu ulikuwa umeziba, vijana wa mtaa wakaja na mtaimbo, na sisi akina mama tukawapikia chai kwa kuwashukuru.

Usiku ule, mama amelala usingizi wa mtu aliyechoka vizuri, wifi alinieleza mambo ambayo mwalimu huyajua. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka sehemu za umma zifikike na watu wote, na mzee mwenye chuma cha miguu minne hufaidika nayo hata kama hajioni kuwa mlemavu. Na tangu mwaka 2017 barabara za mitaa yetu ya mijini, pamoja na mitaro na njia zake za miguu, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu zinazounganisha mikoa ziko chini ya TANROADS. Na usafi, yaani kufagia na kuzoa taka, umebaki kwa halmashauri. Mimi nilikuwa na shahada ya kulalamika, lakini hayo sikuyajua.

Tuliporudi nyumbani nilipeleka habari hizo kwenye kikundi chetu cha akina mama cha usharika. Nisikudanganye kwamba walisimama wote kwa shangwe. Mmoja alisema barabara ni kazi ya serikali na sisi tulipe kodi tu. Hoja yake ni nzuri, na bado naiheshimu. Mwingine akauliza kwa nini tusitumie fedha ile kwa yatima. Tuligawanyika kidogo. Kilichotuunganisha ni mama mwenyewe, ambaye aliingia kikaoni katikati ya maneno, kwa chuma chake, amesindikizwa na mjukuu anayepiga kelele "Bibi, ngazi!", akakaa, akasema hana la kuchangia ila amekuja kusikiliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale tangu aanguke.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kugonga mlango usiokuwa wetu: tulikwenda kwa watu wa usafi kuomba mfuniko. Wakatuelekeza vizuri. Tukaandika barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa diwani, tukaeleza ni mtaro upi, matundu mangapi, na karibu na nini. Wifi alikuwa ametuonya: usiandike "barabara yetu ni mbovu", andika "mbele ya mashine ya kusaga, upande wa soko, mifuniko mitano haipo". Tuliruhusiwa kumwaga mifuniko minne kwa fedha yetu kwa vipimo tulivyopewa, na sehemu ndefu zaidi tukaambiwa itaingizwa katika mpango wa matengenezo.

Kama kikundi chako kitataka kujaribu, kazi yenyewe si ya ajabu, ila haitaki haraka. Fundi alitengeneza fremu za mbao za sentimita 60 kwa 50, unene sentimita 8. Ndani akapanga nondo za milimita 10 zinazokatizana, zilizoinuliwa kidogo ili zege lizifunike pande zote, na karibu na upande wa chini ambako uzito hukaza. Zege likawa saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne, na maji kiasi tu. Akapachika vipande viwili vya bomba, akaviondoa zege lilipoanza kushika, ili yabaki matundu mawili ya kuingiza ndoano. Halafu ikaja zamu yetu, na hii ndiyo kazi ambayo mafundi wengi huiruka: kumwagilia. Tulifunika kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, kwa zamu, kama tunavyomwogesha mtoto mchanga. Mfuniko mmoja una uzito wa karibu kilo 60, kwa hiyo mtu mmoja hauibi kirahisi, na wawili wenye ndoano wanauinua vizuri. Tuliiweka kwa kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya mmoja na mwingine, maji ya barabarani yapate kuingia.

Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023 zilitukuta tumeshamaliza. Mtaro uliziba mara moja. Vijana wakaja na mtaimbo, kama kawaida yao, tukawapa ndoano. Mimi nimeacha kusukumia taka mtaroni, ingawa mume wangu anasema siku nikiwa na haraka bado fagio langu huelekea huko lenyewe.

Jumamosi ya pili ya Januari mama aliamka mapema, akavaa gauni lake la kijani, akachukua mkongojo (chuma alikuwa amekiacha kabla ya Krismasi), na kikapu. Akasema anakwenda sokoni, na asifuatwe. Nikajibu, "Haya mama." Nikahesabu hadi mia, nikamfuata.

Alikwenda polepole. Alipofika kwenye mfuniko wa kwanza alisimama, akaugonga kwa ncha ya mkongojo mara mbili, akausikiliza, akapita. Wa pili hivyo hivyo. Mbele ya mashine ya kusaga, ambako mifuniko ilikuwa bado haijafika, alingoja magari yapite, akavuka kwenda upande wa pili, akatembea juu ya majani, akavuka tena. Huko kuvuka mara mbili sikukupenda, na barua ya pili tumeshaiandika. Sokoni alichagua samaki wawili, akawarudisha, akachagua wengine, akabishana bei.

Aliporudi alinikuta nimejibanza nyuma ya kibanda cha vocha.

"Unanifuata kama askari," akasema, akanipa kikapu nibebe.